Kudai Waranti ya Plaizi ya Kukunja Ukiwa Dodoma

Wenzangu wengi katika kazi ya kufunga umeme wa jua huku kanda ya kati wana plaizi ya kukunja, ile ambayo ndani ya mipini yake hukaa kisu, msumeno mdogo, tupa, bisibisi na kifungua kopo, na wengi wao wanajua kwamba zile zenye jina kubwa huja na waranti ya miaka mingi. Wanachoamini pia, ingawa hakuna aliyewaambia, ni kwamba waranti hiyo haiwahusu wao. Wanaiona kuwa ni maandishi ya watu wanaoishi karibu na kiwanda, wenye sanduku la barua mlangoni na risiti ya kila walichonunua tangu ujana. Kifaa kikivunjika hutupwa kwenye vyuma chakavu, au hupelekwa kwa fundi wa kuchomelea, na mwenyewe huanza kujinyima ili anunue kingine. Mimi niliidai waranti hiyo nikiwa Dodoma, nikapewa plaizi nyingine. Jina la kampuni nitalihifadhi, kwa kuwa sikukusudia kuisifu wala kuichongea. Ninachotaka kueleza ni namna dai lenyewe linavyokwenda, kwa sababu naamini kwamba aliyenunua kifaa cha namna hii amekwisha kuilipia waranti ndani ya bei, na anapoidai haombi hisani ya mtu.

Ifahamike kwanza kwamba kwa fundi wa juu ya paa kifaa hiki si pambo la kiunoni. Ukiwa juu ya bati la zahanati saa saba mchana, na bati limeshika joto kiasi kwamba huwezi kuweka kiganja, kila safari ya kushuka ngazi kufuata bisibisi inakula muda na ina hatari yake. Begi la vifaa hubaki chini kwa sababu huteleza. Kinachopanda nawe ni spana moja au mbili, pamoja na plaizi hiyo kwenye mkanda, ambayo itakata waya wa milimita 4 au 6 za mraba unaotoka kwenye paneli, itamenya ganda lake ukiwa na mkono mwepesi, itashika nati, na itapunguza kwa tupa makali ya reli ya alumini iliyokatwa ovyo. Hakuna hata kazi moja kati ya hizo inayoifanya vizuri kuliko kifaa maalumu, na anayekwambia vinginevyo ana mzigo wa kuuza. Sifa yake kubwa ni kwamba unayo pale ulipo.

Yangu ilivunjika ncha ya taya moja nilipokuwa nimeishikia nati ndogo ya kibano cha waya wa ardhini, huku mkono wa pili ukikaza boliti kwa spana. Ilitoa mlio mfupi, na kipande chenye ukubwa wa punje ya mchele kikaruka hadi kwenye mfereji wa maji ya mvua. Nilikitafuta mpaka nikakipata, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu mvunjiko una nyuso mbili na zote mbili zina habari.

Uso wa mvunjiko ndio shahidi mkuu katika kesi ya namna hii, na unapaswa kuangaliwa kabla haujashikwashikwa wala kupakwa mafuta. Niliutazama kwa lenzi ndogo ninayotumia kusoma namba za vipuri vya chaja. Sehemu kubwa ilikuwa ya kijivu kinachong'aa, yenye chembechembe, kama kawaida ya chuma kilichovunjika muda huohuo. Lakini upande mmoja, kuanzia kwenye mzizi wa meno ya taya, palikuwa na utepe mwembamba wa rangi ya kahawia iliyokolea, na rangi hiyo haiwezi kutokea kwa dakika moja. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwepo tayari, na jasho na unyevu vilikuwa vimepenya ndani yake na kuanza kuuletea kutu. Asishangae mtu kusikia kutu ikitajwa kwenye chuma cha pua: vyuma vya pua vya visu na plaizi huwekewa kaboni ya kutosha ili viweze kugumishwa, na kwa sababu hiyo haviihimili kutu kama kinavyoihimili chuma cha sufuria.

Kugumishwa kwenyewe kunaeleza mengi. Chuma hupashwa moto mkali, kisha hupoozwa kwa haraka, kisha hupashwa tena kwa joto la wastani ili kipunguze wepesi wa kuvunjika ambao hatua ya pili imekiachia. Katika kule kupoozwa kwa haraka, sehemu nyembamba hupoa kabla ya sehemu nene, chuma hujivuta ndani kwa ndani, na mahali penye kona kali panaweza kubaki na ufa usioonekana kwa macho. Na mzizi wa jino la taya ni kona kali. Ufa waweza pia kuanza baadaye kwa uchovu wa chuma, yaani kwa kubebeshwa mzigo mdogo mara nyingi mno, na kila mara ukasogea mbele kidogo. Plaizi iliyovunjwa kwa kulazimishwa kazi isiyo yake, kwa mfano kutumiwa kama mtaimbo, huonekana tofauti: uso wote wa mvunjiko huwa na rangi moja, na mara nyingi taya huonyesha dalili za kupindwa. Taya zangu zilikuwa zimenyooka.

Nimekaa hapo kwa muda kwa sababu hapo ndipo dai linaposimama au kuanguka. Waranti za vifaa hivi hulinda dhidi ya kasoro za malighafi na za utengenezaji, na maneno yake hufanana sana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Leatherman ya Portland, Oregon, huzipa plaizi zake waranti ya miaka 25 yenye mipaka. Victorinox ya Uswisi huahidi maisha yote ya kifaa, isipokuwa sehemu za elektroniki, ambazo huzipa miaka 2. Binafsi naipenda zaidi ahadi ya miaka inayohesabika, kwa kuwa maisha ya kifaa ni jambo ambalo watu wawili wanaweza kulibishania hadi usiku. Hilo la mipaka nalo lina asili yake. Mwaka 1975 Marekani ilitunga sheria ijulikanayo kwa jina la Magnuson-Moss, inayomtaka mtengenezaji anayetoa waranti ya maandishi kwa bidhaa ya mlaji inayozidi bei ya dola 10 aseme waziwazi kama waranti hiyo ni kamili au ina mipaka, na wengi walichagua mipaka. (Mwaka huohuo Tim Leatherman alikuwa akizunguka Ulaya na mkewe katika Fiat chakavu, akitengeneza gari na mabomba ya hoteli kwa kisu cha skauti na kutamani laiti kingekuwa na plaizi ndani yake, kampuni yake ilikuja kuzaliwa mwaka 1983.)

Mipaka yenyewe ni uchakavu wa kawaida, kupotea, kuibiwa, matumizi yasiyo ya busara na mabadiliko aliyoyafanya mwenye kifaa. Kisu kilichoisha makali hakidaiwi, na ala ya kukibebea kifaa kwa kawaida haimo. Kampuni pia hujiwekea haki ya kuamua yenyewe kama itatengeneza au itabadilisha, na kama aina yako haitengenezwi tena, utapewa nyingine yenye thamani isiyopungua. Linalowatia watu hofu bila sababu ni risiti. Leatherman, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikigonga kwenye plaizi zake nyingi tarakimu nne za mwezi na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 0698 ni Juni 1998, na umri wa kifaa husomeka hapohapo. Yangu ilikuwa na alama ya aina hiyo ndani ya mpini, imejaa vumbi. Niliisafisha kwa mswaki wa zamani.

Kwetu tumelelewa na karatasi nyingine, ile inayobandikwa ukutani nyuma ya kaunta: mali ikishauzwa hairudishwi. Karatasi hiyo haifuti Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, wala haiifuti Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliyotupatia Tume ya Ushindani na vifungu vya kumlinda mlaji, lakini imefanya kazi kubwa vichwani mwetu, kiasi kwamba mtu mzima anayerudisha pasi iliyokufa baada ya siku mbili huingia dukani akiwa ameinamisha kichwa. Nadhani ndiyo sababu tunaisoma waranti ya mbali kana kwamba nayo imebandikwa na mwenye duka huyohuyo.

Kabla sijaandika chochote, fundi mwenzangu alinishauri niipeleke plaizi Gerezani, Dar es Salaam, kwa mafundi wa vyuma. Nawaheshimu mafundi wale, na nimewaona wakirudisha uhai kwa vitu ambavyo mwenyewe alikwisha kuvifanyia matanga. Lakini kuchomelea ncha ya taya iliyogumishwa ni kuuondoa ule ugumu uliopatikana kwa moto na kupoozwa. Chuma kilicho jirani na mchomeleo hulainika au hubaki kikavu cha kuvunjika tena, na ncha nyembamba kama ile haina nafasi ya kuvumilia mojawapo. Zaidi ya hayo, kifaa kilichokwisha kuchomelewa kimebadilishwa, na kampuni yoyote ingekuwa na haki ya kukikataa. Atakayekwenda Gerezani basi aende akijua kwamba mlango wa waranti ameufunga nyuma yake.

Barua ya kwanza ya madai aliniandikia kijana wangu wa kazi, ambaye Kiingereza chake kinazidi changu. Alianza kwa kuwatakia heri ya afya na kazi, akaomba radhi kwa usumbufu, akaeleza ugumu wa kupata vifaa bora katika nchi yetu, na akamalizia kwa kuomba msaada wowote ambao wangeona unafaa. Ilikuwa barua ya adabu, na ingemfaa sana diwani. Nilimwambia, "Baba, hawa hatuwaombi. Tunawaarifu kwamba walichotuuzia kimevunjika, na tunawakumbusha walichoahidi." Hakuridhika, aliona nimekuwa mkali. Tukakubaliana kufuata mtindo wa barua zetu za kiofisi, ule wa kusema husika na kichwa cha habari hapo juu, kisha kuingia kwenye jambo lenyewe bila kuzunguka: aina ya kifaa, alama ya tarehe, kazi iliyokuwa ikifanyika, kilichoonekana kwenye uso wa mvunjiko, na mwishoni ombi la kukibadilisha kwa mujibu wa waranti, sentensi moja tu.

Picha zilikuwa na uzito kuliko maneno. Nilikiweka kipande kilichovunjika kando ya taya juu ya karatasi nyeupe, na rula pembeni, nikapiga kwa mwanga wa dirishani badala ya mwanga wa simu, kwa sababu mwanga wa simu huurudisha mng'ao wa chuma na kuupoteza ule utepe wa kahawia. Nikapiga alama ya tarehe, na taya zikiwa zimefungwa kwa upande, ili ionekane kwamba hazikupinda. Fomu ya mtandaoni ilikataa kwenda mbele bila postikodi, na hapo niliishukuru operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, maana zamani ningeandika sanduku la posta la mjomba na kumwomba Mungu. Niliweka tarakimu tano za kata yangu, na fomu ikapita.

Jibu lilikuwa fupi na la heshima. Hawakuuliza risiti, wala hawakuuliza mimi ni nani. Walisema picha zinatosha kufungua dai, wakanipa namba, wakanitaka nitoe ala na ncha za bisibisi za kubadilisha kwa kuwa visingerudishwa, na wakaeleza kwamba gharama ya kukifikisha kifaa kwao ni yangu, ilhali wao wangelipia kurudisha ndani ya Marekani tu. Wakala wa hapa nchini hawakuwa naye. Ile sentensi ya gharama ndiyo iliyokuwa na uzito wote, na haikuwa imefichwa. Ilikuwemo kwenye masharti tangu mwanzo. Nilipouliza nauli ya usafirishaji wa haraka kutoka Dar es Salaam, ilikaribia bei ya plaizi mpya. Na hata kama ningelipa, plaizi ya kurudi ingepita forodhani, ambako kupewa bure na kampuni hakukifanyi kitu kiwe hakina thamani. Aliyetuma hutakiwa kutaja thamani na kueleza kwamba ni badala ya kilichoharibika, na maelezo huanzia hapo.

Hivyo dai langu lilisafiri kama yanavyosafiri mambo yetu mengi. Plaizi yenyewe ilinunuliwa Houston na binamu yangu kwa fedha nilizomtumia, basi ikarudi kwake kwa mkono wa mama mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa anakwenda kumwangalia mwanawe. Niliifunga ndani ya soksi nene na kumsihi, "Mama, hii iingie kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi, ina kisu." Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, kwani mimi nimeanza kusafiri leo?" Lakini onyo hilo halina utani: kifaa chenye kisu hakiruhusiwi kwenye kabini ya ndege, na katika viwanja vya Marekani hata plaizi isiyo na kisu huruhusiwa tu isipozidi inchi 7. Nimesikia vilio vingi vya watu walioacha plaizi nzima, isiyovunjika, mezani kwa maofisa wa ukaguzi.

Binamu yangu aliiposti kutoka kwake kwa njia yenye namba ya kufuatilia, akaweka ndani karatasi yenye namba ya dai na anwani yake mwenyewe ya kurudishia. Nilimsisitizia namba ya kufuatilia kwa sababu kifaa kikipotea njiani kabla ya kupokelewa, kampuni haidaiwi kitu. Baada ya majuma kadhaa aliniandikia: "Shikamoo kaka. Imefika, ila si ile yako. Hii inang'aa, nimeogopa kuifungua."

Haikuwa ile yangu, ni kweli. Aina niliyokuwa nayo ilikuwa imeondolewa sokoni, nikapewa iliyoirithi. Katika mpya, makali ya kukatia waya ni vipande viwili vidogo vilivyofungwa kwa skrubu, vinavyoweza kubadilishwa vyenyewe vikipata pengo, na hayo ni maendeleo ya kweli kwa mtu anayekata waya kila siku. Kwa upande mwingine, imenenepa kidogo, na ala yangu ya ngozi, iliyoshonwa na fundi viatu wa Majengo kwa kipimo cha ile ya zamani, haiipokei. Bisibisi ndogo bapa, niliyokuwa nikiitumia kwenye vituo vya waya vya chaja, imehamishiwa mpini wa pili, na kidole changu bado kinaitafuta kulikokuwa. Ile ya zamani haikurudi. Ilikuwa na herufi za jina langu nilizochongewa ubavuni, na nilikuwa nimeuliza mapema kama ningeweza kurudishiwa walau mpini. Wakajibu kwamba kilichobadilishwa hubaki kwao. Mwenye kifaa cha urithi, au cha zawadi ambayo hataki kuipoteza, aliangalie jambo hilo kabla ya kuposti, kwa kuwa waranti inarudisha uwezo wa kufanya kazi na haina hesabu ya kumbukumbu.

Je, inalipa? Kwa aliye Houston, jibu halihitaji karatasi. Kwa aliye Dodoma, waranti ina thamani ya bei ya kifaa baada ya kutoa nauli, na nauli ndiyo inayoweza kuimeza yote. Ndiyo maana nashauri dai lifunguliwe mapema, mara kifaa kinapovunjika, halafu kifaa kisubiri msafiri. Na mafundi wanaofahamiana wanaweza kukusanya vyao kwenye begi moja, kila kimoja na namba yake ya dai. Tumeanza kufanya hivyo hapa. Lawama yangu kwa watengenezaji ni moja: wanauza kwa ulimwengu mzima kupitia maduka ya mtandaoni, lakini waranti wameipanga kana kwamba kila mnunuzi anaishi karibu na posta yao. Bei yetu haina punguzo kwa umbali huo.

Katika kukusanya huko ndiko tulikogundua kwamba plaizi ya mwenzetu mmoja, aliyoinunua katika duka la vifaa hapa mjini kwa bei ambayo ilipaswa kumtia shaka, ilikuwa ya bandia. Maandishi ya jina yalikuwa membamba na yenye kina kisicholingana, mipini ilicheza hata ilipofungwa, na ndani hapakuwa na alama yoyote ya tarehe. Hiyo hakuna kampuni itakayoipokea, na kuiposti ingekuwa kupoteza nauli. Nilimwambia dai lake liko hapahapa Dodoma, kwa aliyemuuzia. Alikwenda na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mkononi. Muuzaji akamwonyesha karatasi ya ukutani, yeye akamwonyesha namba ya simu ya Tume ya Ushindani, na baada ya maneno ambayo hakutaka kuyarudia mbele ya vijana, alirudishiwa fedha zake zote isipokuwa elfu tano, ambayo muuzaji alidai ni ya mfuko.